Sharti Ainame

Katikati ya karne ya 19, mtu aliyeokota kinyesi cha mbwa katika mitaa ya London alihitaji vifaa viwili tu: kikapu chenye kifuniko cha kuficha mzigo wake, na glavu ya ngozi kwa mkono wa kulia. Mwandishi Henry Mayhew aliwahoji watu hao kwa ajili ya kazi yake kubwa kuhusu vibarua na maskini wa London, iliyoanza kutoka kama kitabu mwaka 1851. Anaeleza kwamba wengi wao waliishia kuiacha hata hiyo glavu. Waliona kunawa mkono ni rahisi kuliko kuisafisha glavu kila siku.

Mzigo ule ulikuwa na soko. Wanunuzi walikuwa wenye viwanda vya ngozi, hasa wa Bermondsey, kusini mwa mto Thames. Ngozi ya mnyama ikishalowekwa kwenye chokaa ili manyoya yatoke, hubaki ngumu na imejaa chokaa. Mafundi walijua kwa uzoefu wa vizazi kwamba wakiiloweka au kuisugua kwa kinyesi cha mbwa kilichochanganywa na maji, italainika na kuwa nyororo. Kwa sababu kiliitakasa ngozi, kinyesi hicho kikapewa jina ambalo kwa Kiswahili tungeliita “safi”. Waliokiokota wakaitwa watafuta safi.

Mayhew anataja bei. Ndoo moja iliuzwa kwa peni 8 hadi 10. Kinyesi kikavu chenye weupe kama chokaa kilithaminiwa zaidi, na kilifika shilingi 1, hata shilingi 1 na peni 2. Palipo na bei nzuri hapakosi ujanja: wapo waliobandua lipu kwenye kuta na kuichanganya humo ili mzigo uonekane wa daraja la juu. Mmoja wa waliozungumza naye alikuwa mwanamke mzee aliyewahi kuona maisha mazuri, na ambaye sasa aliona afadhali aokote kinyesi barabarani kuliko kuingia katika nyumba ya maskini iliyoendeshwa na serikali.

Ngozi iliyolainishwa hivyo ndiyo iliyotengeneza glavu laini za mabibi na majalada ya vitabu vya thamani. Kwa maneno mengine, kulikuwa na mikono mitupu iliyookota kinyesi ili mikono mingine ivae glavu.

Katika historia ya miji tunasoma sana kuhusu reli, mabomba ya maji na ramani za watawala. Mimi nimevutiwa na kitu kidogo zaidi: kizoleo cha kinyesi cha mbwa, kile kifaa cha mkononi ambacho leo mtu wa New York au London hutoka nacho akimtembeza mbwa wake. Ukikifuatilia kifaa hicho unaona swali moja likizunguka kwa zaidi ya miaka 150. Uchafu upo, na mtu fulani lazima ainame auokote. Ni nani?

Jibu la London ya Mayhew lilikuwa maskini, kwa malipo ya ndoo. Jibu hilo lilikufa si kwa sababu ya huruma bali kwa sababu ya kemia. Mkemia Mjerumani Otto Röhm aligundua kwamba kazi inayofanywa na kinyesi kile inaweza kufanywa na vimeng'enya kutoka kwenye kongosho la wanyama waliochinjwa. Mwaka 1907 yeye na Otto Haas walianzisha kampuni, na bidhaa yao ya kulainishia ngozi, Oropon, ikaingia viwandani. Taratibu mafundi wa ngozi wakaachana na ndoo za mitaani.

Kinyesi kilipokosa mnunuzi, kikakosa mwenyewe. Mbwa waliendelea kuwapo na miji ikazidi kukua, lakini hapakuwa tena na mtu mwenye sababu ya kuinama.

New York ndipo swali lilipolipuka. Tangu miaka ya 1930 jiji hilo lilikuwa na vibao vilivyowataka wenye mbwa wawaelekeze kwenye ukingo wa barabara, yaani wakajisaidie mferejini, si pale wanapopita watu. Hapo wajibu wa mwenye mbwa uliishia. Kilichobaki mferejini kilikuwa cha mvua na cha wafagiaji wa jiji.

Mpango huo uliwategemea wafagiaji, na wafagiaji hawakuwa wa uhakika. Februari 1968 wafanyakazi wa usafi waligoma kwa siku tisa, na taka zikarundikana hadi mlangoni mwa nyumba. Mwaka 1975 jiji lilikaribia kufilisika na maelfu ya wafanyakazi wakaachishwa kazi, wazoa taka wakiwamo. Wakati huohuo, kwa hofu ya uhalifu, watu wengi walifuga mbwa wa ulinzi ndani ya vyumba vya ghorofani. Makadirio ya wakati huo yalitaja mbwa kama nusu milioni. Kutembea Manhattan kukawa kazi ya kutazama chini.

Aliyelifanya jambo hili kuwa vita alikuwa Fran Lee, mwigizaji na mtetezi wa walaji aliyejulikana kwenye televisheni. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 alianzisha kikundi alichokipa jina la kuweka watoto mbele ya mbwa. Silaha yake ilikuwa mnyoo, Toxocara canis. Mbwa mwenye mnyoo huo hutoa mayai katika kinyesi. Mtoto anayecheza kwenye udongo wenye mayai hayo na kutia vidole mdomoni anaweza kuambukizwa, na kiluwiluwi cha mnyoo kikifika jichoni kinaweza kumharibia uwezo wa kuona.

Hapa pana jambo la kibiolojia linalokipa kizoleo maana yake. Kinyesi kinapotoka tu, mayai hayo huwa bado hayawezi kuambukiza. Yanahitaji kukaa ardhini kwa wiki kadhaa ili yakomae. Anayeinama papo hapo hukata mzunguko mzima. Anayengoja mfagiaji, mvua au siku nyingine huacha mayai yaingie udongoni, na kutoka hapo hakuna kizoleo kitakachoyatoa.

Wenye mbwa walikuja juu. Katika mkutano mmoja Fran Lee alirushiwa kinyesi. Chama kikongwe cha kuzuia ukatili kwa wanyama, ASPCA, nacho kiliupinga mpango wa kuwalazimisha watu kuzoa. Wapinzani waliogopa kwamba mtu akilazimishwa kuinama nyuma ya mbwa wake kila siku, ataona bora amtupe mbwa mitaani. Palikuwa pia na hoja ya wazee na wagonjwa: mtu mwenye mgongo mbovu ataokotaje? Cha ajabu ni kwamba Fran Lee mwenyewe hakuridhika na kizoleo. Aliona kinaacha mabaki, akataka mbwa wajisaidie ndani ya nyumba za wenyewe.

Meya Ed Koch aliingia madarakani Januari 1978. Kwa kuwa jambo hilo lilikuwa limekwama katika Baraza la Jiji kwa miaka, njia iliyofanikiwa ilikuwa ya kupitia bunge la jimbo huko Albany. Sheria iliyopitishwa ilihusu miji yenye watu zaidi ya 400,000, na ilianza kutumika tarehe 1 Agosti 1978. Mwenye mbwa, au yeyote aliye na mbwa mkononi, alitakiwa kuondoa kinyesi kinachoachwa na mbwa huyo barabarani, mferejini au mahali pengine pa umma. Faini ilifika dola 100. Wenye ulemavu wanaoongozwa na mbwa walisamehewa.

Maduka yakajaa vifaa. Vilikuwapo vizoleo vya mpini mrefu vyenye taya mbili zinazofunguka na kufumba, vilivyofaa hasa kwa wasioweza kuinama. Vilikuwapo vichepe vidogo vyenye mfuko nyuma, na makaratasi magumu ya kukunja na kutupa. Maskini na mabahili walitumia gazeti la jana. Lakini tarehe 10 Agosti, siku tisa baada ya sheria kuanza, mgomo uliyafunga magazeti makubwa ya jiji, na ulidumu siku 88. Jiji lililokuwa likijifunza kuzoa likajikuta halina gazeti jipya.

Wengi waliamini sheria ile ni ya kuchekesha na haitekelezeki. Walikuwa na sababu. Ili kumtoza mtu faini, ofisa alipaswa kumshuhudia akiondoka na kuacha kinyesi nyuma, na jiji lililoishiwa fedha halikuwa na maofisa wa kufuata kila mkia. Hata hivyo mitaa ilibadilika, kwa sababu waliosimamia sheria hasa walikuwa majirani. Sheria iliwapa watu wa kawaida haki ya kusema. Bibi aliyekuwa akinung'unika dirishani sasa aliweza kumwita mtu kwa sauti na kumwambia arudi aokote.

Hapo ndipo kizoleo kilipofanya kazi ambayo hakikuundwa kuifanya. Kilionekana. Mtu aliyetoka nyumbani nacho mkononi alikuwa ametangaza kabla mbwa hajafanya lolote kwamba yeye ni mwungwana. Aliyetoka mikono mitupu alitazamwa hadi mwisho wa mtaa. Mtafuta safi wa London alikuwa na kifuniko juu ya kikapu chake kwa sababu kuokota kulikuwa aibu. Baada ya mwaka 1978 aibu ilihama upande: ikamwangukia asiyeokota.

Paris ilijaribu jibu jingine. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, Jacques Chirac akiwa meya, jiji lilianza kutumia pikipiki maalumu zenye bomba la kufyonza kinyesi. Mwenye mbwa hakuguswa, kwani jiji lilimwinamia. Pikipiki zilipendwa na wapiga picha, lakini zilikuwa ghali na hazikuweza kuwa kila mahali mbwa alipo. Tena zilimfundisha mwenye mbwa kwamba kuna mtu anakuja nyuma yake. Mwaka 2004 zilikuwa zimeondolewa, na Paris ikafuata njia ya kumtoza faini mwenye mbwa. Waswahili walishasema kwamba mtaka cha mvunguni sharti ainame. Miji miwili mikubwa ilihitaji miongo kadhaa kufika kwenye methali hiyo.

Kifaa kilichoshinda mwishowe hakikuwa na mpini wala taya. Mwaka 1965 mhandisi Sten Gustaf Thulin wa Sweden alipata hataza ya Marekani ya mfuko mwepesi wa plastiki wenye vishikio, na katika miaka ya 1980 mifuko hiyo ikaenea katika maduka makubwa ya Marekani. Unauvaa kama glavu, unaokota, unaugeuza nje ndani, unafunga fundo. Ile glavu ambayo watafuta safi waliitupa ilirudi, safari hii ikiwa ya kuvaliwa mara moja tu. Kinyesi ambacho kingeoza kwa miezi sasa hufungwa ndani ya kitu kitakachodumu miaka mingi. Kenya ilipiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea mwaka 2017, Tanzania mwaka 2019, na jimbo la New York lenyewe mwaka 2020. Uchafu tuliouondoa njiani tumeuhamishia dampo, mahali ambapo hakuna jirani wa kutuita turudi.

Msomaji wa Dar es Salaam au Nairobi anaweza kuuliza haya yanamhusu nini, maana mbwa wengi wa kwetu hawatembezwi kwa kamba. Wanalinda ndani ya ukuta. Asubuhi kinyesi chao huzolewa kwa chepe, na mara nyingi anayezoa si mwenye mbwa. Ni kijana wa bustani, ni mlinzi anayemaliza zamu, ni dada wa kazi. Mwenye mbwa anampenda mbwa wake, anamjua kwa jina, anampeleka kwa daktari wa mifugo. Lakini kuinama kumebaki kwa yule ambaye hana mbwa.

Wala tusidhani New York imetuzidi kwa kila kitu. Sheria ya 1978 iliacha mlango wazi iliposema “au yeyote aliye na mbwa mkononi”. Leo wenye fedha Manhattan huwalipa watembeza mbwa, na unaweza kumwona kijana mmoja na kamba sita kiunoni, akiinama mara sita kwa niaba ya watu walio ofisini. Tofauti na yule mwanamke mzee wa London, yeye ana mfuko na hana haja ya kuuficha. Hiyo ni hatua. Lakini ujira unaohamisha kuinama kutoka kwa mtu mmoja kwenda kwa mwingine ni wa zamani kuliko sheria, na ukipita kwenye geti lolote refu asubuhi, utausikia kwa sauti ya chepe ikikwaruza sakafu.