Kutoka Kigongoni Hadi Mtoni

Namba za mashamba ya Murang'a nyingi huanza kwa herufi LOC. na tarakimu, kisha hufuata jina la mahali, ndipo ije namba ya shamba lenyewe. LOC. ni lokesheni, eneo lililokuwa chini ya chifu mmoja wakati wilaya hiyo ikiitwa Fort Hall. Jina la Fort Hall limefutwa miaka mingi, lakini mjukuu anayerithi robo eka leo bado huandikiwa kwa hesabu ya machifu wale. Ramani haisahau upesi kama watu.

Kabla ya karatasi, mpaka wa Wakikuyu ulikuwa mmea. Mbari, yaani ukoo mdogo, ilimiliki githaka, na wazee wakapanda itoka, mmea wa jamii ya yungiyungi, kwenye mstari waliokubaliana mbele ya mashahidi. Ndani ya githaka familia ililima kipande huku na kipande kule: kimoja bondeni penye unyevu, kingine juu penye mahindi na maharagwe. Baba alipofariki wana waligawana, nao wakaja kugawia wana wao, hata mtu mmoja akajikuta na vipande kumi au zaidi vilivyotawanyika katika vigongo kadhaa. Maafisa wa kilimo wa Kiingereza waliona hapo muda unaopotea njiani na udongo unaochukuliwa na maji. Mwenye vipande aliona kinga: mvua ya mawe ikipiga huku, kule kuna chakula.

Mwaka 1954 Roger Swynnerton, afisa wa idara ya kilimo, alitoa mpango wa kuunganisha vipande hivyo. Kila mwenye ardhi angepewa shamba moja lenye hati, apande kahawa, akope benki. Mpango ulikiri waziwazi kwamba wengine wangepata ardhi na wengine wangeikosa, na haukuona ubaya katika hilo. Wakati wake ndio uliokuwa wa ajabu. Hali ya hatari iliyotangazwa Oktoba 1952 ilikuwa imewaweka maelfu ya wanaume vizuizini, na kuanzia 1954 zaidi ya watu milioni moja wa Ukikuyuni na jirani zao walihamishwa kwa nguvu wakaishi katika vijiji vyenye walinzi. Mashamba yalikuwa wazi kwa mpimaji, na wengi ambao wangebisha hawakuwapo.

Kazi yenyewe ilikwenda hivi. Kamati ya wazee wa mahali ilisikiliza madai na kuamua kipande kipi ni cha nani. Vijana walipita na mnyororo wa kupimia, wa futi 66, wakapima kila kipande, na karani akajumlisha vipande vya mtu mmoja mpaka vikawa idadi moja ya eka. Hapo kila mtu alikatwa kiasi fulani kwa ajili ya barabara, shule, soko na vijiji. Kilichobaki alipimiwa upya mahali pamoja, kwa kawaida kama ukanda unaoanza kwenye barabara ya kigongoni na kuteremka hadi mtoni, ili kila shamba liwe na njia juu na maji chini. Mahali penye wazee waaminifu hesabu zilikaribiana na ukweli. Fort Hall kazi ilifanywa haraka, makosa na hila vikaingia, na mwanzoni mwa miaka ya 1960 sehemu kubwa ya wilaya ikabidi ianze upya.

Ramani za hati hizo hazikupimwa kwa darubini ya mpima ardhi. Ingechukua miaka, na serikali ilikuwa na haraka ya kisiasa. Wenye mashamba waliambiwa wapande ua kwenye mipaka mipya, ndege zikapiga picha kutoka juu, picha zikakuzwa hadi kipimo cha 1:2,500, na wachoraji wakafuatisha mistari ya ua kwenye karatasi angavu. Picha zenyewe hazikuwa zimenyooshwa kurekebisha miinuko na mabonde, na Ukikuyuni hakuna kitu kingine ila miinuko na mabonde. Katika kipimo hicho milimita moja ya karatasi ni mita mbili na nusu za udongo, kwa hiyo mstari wa kalamu ya kawaida tayari umemeza mwendo wa hatua moja au mbili za mtu mzima. Mchoro huo ulikusudiwa kuwa wa muda tu: ua ukishakomaa, ndege zingerudi kupiga picha nyingine na ramani ingesahihishwa. Sehemu nyingi hazikusahihishwa, na mchoro wa muda ukageuka wa kudumu.

Wanasheria walilijua hilo. Sheria ya ardhi iliyosajiliwa ya 1963 ilisema ramani ya usajili inaonyesha mipaka kwa kukadiria tu. Mpaka wa kweli ni ua ulioko shambani, na majirani wakigombana msajili ndiye atakayefika kuamua. Kwa maoni yangu ulikuwa uamuzi wa busara kwa shamba la eka saba. Aliyekosea mita mbili hapo hakumwumiza mtu. Sheria hiyohiyo, hata hivyo, ilikataza usajili wa kwanza kusahihishwa hata kama ulipatikana kwa udanganyifu, na waliotoka vizuizini wakakuta ardhi yao imeandikwa kwa jina la mwingine hawakuwa na mlango wa kubisha.

Kitu kimoja hakikupata nafasi katika mpango: watoto. Shamba moja lisilokatika lilihitaji mrithi mmoja, na hakuna nyumba Ukikuyuni iliyokuwa na nia ya kuwa na mrithi mmoja. Kwa hiyo mara tu hati zilipotolewa, kazi ya kugawa ilianza tena, safari hii kwa karatasi. Chombo chake ni fomu ambayo wenyeji huiita mutesheni. Kwanza familia huenda kwa bodi ya ardhi kuomba kibali, kama sheria ya 1967 inavyotaka kwa ardhi ya kilimo. Na kama baba amefariki, mahakama hutangulia, kwa sheria ya urithi iliyoanza kutumika Julai 1981. Ndipo mpima ardhi anakuja na utepe. Anatafuta ua wa zamani, anapima pande zote, anakata mistari mipya, anaweka mawe ya pembeni, kisha anachora kwenye fomu umbo la shamba la zamani na la mashamba mapya yanayokatwa humo, pamoja na urefu wa kila upande na eneo la kila kipande.

Fomu ikikubaliwa, namba ya zamani hufungwa. Tuseme shamba namba 300 linagawiwa watoto watatu, na namba ya mwisho iliyotumika katika eneo hilo ni 1740. Watoto watapata 1741, 1742 na 1743, na 300 haitatumika tena. Ndiyo maana mwenye jicho huisoma ramani kama anavyosoma nasaba: namba ndogo ni za kizazi kilichopimiwa kwa mnyororo, namba kubwa ni za wajukuu.

Umbo la kugawa nalo lilirithiwa. Kila mtoto anataka barabara juu na mto chini, basi ukanda hupasuliwa kwa urefu, kizazi baada ya kizazi, hadi unapata shamba la upana wa mita kumi linaloteremka mlima mzima. Kwenye ramani ya 1:2,500 hiyo ni milimita nne. Mwenye shamba la namna hiyo hawezi kusamehe mita mbili kama babu yake. Mpima ardhi anapofika na kukuta ua umesogea, au haupo kwa sababu mtu aliung'oa kupata kuni, karatasi humwambia jambo moja na udongo jambo jingine, na majirani wamesimama kila mmoja upande wake wakimtazama.

Afisini mchoraji anakutana na shida hiyohiyo kwa wino. Karatasi ileile iliyochorwa kutoka kwenye picha ya ndege inapokea mistari mipya, na pale mistari inapobanana mpaka namba zinakosa mahali pa kuandikwa, yeye hutafuta nafasi tupu pembeni, huchora kisanduku, na kuvikuza humo vipande vya shamba ambalo zamani lilitosha namba moja.