Kutoka Mswaki hadi Kipangio: Historia Fupi ya Maneno ya Usafi wa Kinywa

UTANGULIZI

Wasomaji wa kurasa hizi wamezoea kukuta humu istilahi za sheria, za uhandisi na za utawala. Leo tunawaomba radhi ili tuingie mahali padogo zaidi, yaani kinywani. Kimezuka chombo kipya cha kupangia meno, nacho ni ganda jembamba la plastiki liangavu linalovikwa juu ya safu ya meno. Chombo hicho kimekuja na mkoba mzima wa vifaa vyake, pamoja na maagizo ya usafi ya kila siku. Mpaka sasa hakina jina la Kiswahili lililoenea. Wako wanaokiita kwa jina la biashara la kampuni ya kigeni. Wako wanaokiita "waya", ingawa hakina waya hata kidogo. Na wako wanaokiita "kava la meno", kana kwamba ni foronya.

Lau jambo hili lingekuwa la jina peke yake, tungeliacha lijirekebishe lenyewe sokoni. Lakini mpwa wetu, kijana mfanyakazi wa mjini, alipewa vyombo hivyo pamoja na karatasi ya maagizo ya Kiingereza. Mtu aliyempa alimfafanulia kwa mdomo kwamba avioshe kwa "maji ya moto kidogo". Kijana alipofika nyumbani alikumbuka mafunzo tuliyopewa sote utotoni, kwamba kinachoingia kinywani husafishwa kwa maji yaliyochemka. Akavimiminia maji ya birika. Plastiki ikajikunja kama jani lililopitishwa motoni. Alipotujia alisema, "Shikamoo mjomba. Vijidudu nimeviua, lakini na chombo chenyewe kimekufa." Tulicheka naye, ila gharama ya kutengeneza kingine haikuwa ya kucheka.

Kosa hilo lilikuwa la lugha. Kiswahili kina neno "vuguvugu", tena kina "fufutende", na yote mawili huyataja maji yaliyopoza ukali wa baridi bila kufikia joto la kuunguza. Neno moja kati ya hayo lingetosha kukiokoa chombo. Makala haya basi yanakusudia kutazama jinsi Kiswahili kilivyovipokea vyombo vya usafi wa kinywa tangu zamani, ili tuone njia ya kuvipokea hivi vya leo.

SAFARI YA NENO "MSWAKI"

Hatuna budi kuanza na mswaki, kwa kuwa ndio mkongwe wa ukoo huu. Jina hili limetoka katika Kiarabu, ambamo shina lenye konsonanti s, w na k lina maana ya kusugua meno. Kutokana na shina hilo Waarabu wana "siwak", na pia "miswak", ambalo limejengwa kwa kiambishi "mi-" cha kutajia ala. Kiambishi hicho ndicho kilichomo katika "mizan", neno tulilolipokea kuwa mizani.

Kiswahili kilipolipokea neno hili kilifanya jambo la ajabu. Ile "mi-", ambayo kwa Kiarabu ilikuwa alama ya ala, masikio ya Waswahili yaliisikia kuwa alama ya wingi, kama ilivyo katika miti na mikono. Kwa hiyo kitu kimoja kikawa "mswaki", na vingi vikawa "miswaki". Umoja wa Mwarabu ukageuka kuwa wingi wa Mswahili. Ndivyo neno "kitabu" nalo lilivyopata wingi wa "vitabu", ilhali katika Kiarabu silabi "ki" ni sehemu ya shina. Lugha iliyo hai haimwachi mgeni asimame mlangoni. Humpa kiti, na kiti chenyewe ni ngeli.

Ngeli hiyo ilifaa sana, kwa sababu mswaki wa kwanza ulikuwa mti hasa. Mti unaoitwa mswaki, ambao wataalamu wa mimea huuita Salvadora persica, humea katika nchi kavu za Afrika na Arabuni. Kijiti chake hutafunwa ncha hata nyuzinyuzi zikachanua, kisha meno yakasuguliwa kwa nyuzi hizo. Waislamu wanauenzi kwa kuwa ni sunna, na wasio Waislamu wameutumia vilevile. Mahali usipopatikana, watu walikata vijiti vya miti mingine, kama mwarobaini, navyo vikaitwa mswaki. Hapa ndipo tunapoona hatua ya kwanza ya safari: jina lilikuwa limekwisha kuacha kutaja mti mmoja, likaanza kutaja kazi.

Hatua ya pili ilikuja pamoja na mswaki wa kiwandani. Kwa muda mrefu miswaki ya Ulaya ilitengenezwa kwa nywele za wanyama, hasa za nguruwe, mpaka mwaka 1938 zilipoanza kuuzwa nchini Marekani zile zenye nyuzi za nailoni. Chombo hicho kilipoenea kwetu, neno la Kiingereza lilikuwa tayari kupokelewa, na kwa kweli lilipokelewa, lakini si kwa kazi hii. Tunasema "burashi" ya viatu, ya nguo na ya rangi. Ya meno tunasema mswaki. Mti ulikwenda zake, plastiki ikaja, na jina likabaki palepale kwa sababu kazi ilibaki ileile. Hata kitenzi hakikubadilika: mwenye kijiti na mwenye nailoni, wote hupiga mswaki.

DAWA, UZI NA UKOGA

Mswaki wa kiwandani haukuja peke yake. Kampuni ya Colgate ya Marekani ilianza kuuza dawa ya meno ndani ya mitungi midogo mwaka 1873, na mwaka 1896 ikaanza kuitia katika mirija ya kubinywa. Huku kwetu yalizuka majina mawili. Moja ni "dawa ya meno", linalotaja kazi. La pili ni "kolgeti", linalotaja muuzaji. Mtu anaweza kusikika dukani akiomba "kolgeti ya kampuni fulani", naye akitaja kampuni nyingine kabisa! Hatumcheki mtu huyo, kwani ndivyo maneno yanavyozaliwa. Lakini maandishi ya afya hayawezi kutegemea jina la muuzaji. Shirika la Afya Duniani lilipoiingiza dawa ya meno yenye floridi katika orodha yake ya dawa muhimu mwaka 2021, jina letu la "dawa" lilionekana kuwa limetangulia. Wazee walioiita dawa hawakukosea.

Uzi wa meno nao una historia yake. Levi Spear Parmly, mganga wa meno wa New Orleans, aliandika mwaka 1819 akiwahimiza watu wapitishe uzi wa hariri uliopakwa nta katikati ya meno. Kiswahili hakikupata taabu hapa: uzi ni uzi, na meno ni meno. Tahadhari moja tu inahitajika. Kitendo hiki hakifai kuitwa "kuchokoa" meno, kwa kuwa kuchokoa ni kazi ya kijiti, na anayechokoa kwa nguvu huuumiza ufizi. Uzi hupitishwa. Basi tuseme "kupitisha uzi".

Utajiri mkubwa zaidi, hata hivyo, umo katika maneno ambayo hatukuyakopa kwa ajili ya viwanda. Kamusi zetu zina "ukoga" na "ugaga", na yote mawili hufafanuliwa kuwa ni uchafu unaoganda juu ya meno. Kwa mtumiaji wa kawaida ni maneno pacha. Kwa mganga wa meno, kinyume chake, kuna vitu viwili. Kwanza kuna utando mlaini wa vijidudu unaojijenga kila siku, ambao mswaki na uzi huuondoa. Pili kuna utando huo uliokwisha kulowa madini ya mate ukawa mgumu kama jiwe, ambao hauondoki ila kwa vyombo vya mganga. Tunashauri pacha hawa wagawiwe kazi: ule laini uitwe ukoga, na ule mgumu uitwe ugaga. Mgonjwa akiambiwa "huu sasa ni ugaga", atajua kwamba hana haja ya kuukwangua kwa kisu nyumbani.

KUPANGA MENO

Ama kuhusu kupanga meno, tusidhani kwamba watu walianza jana kuyabadili meno yao. Wamakonde walichonga meno kuwa na ncha, na Wamaasai waling'oa baadhi ya meno ya mbele ya chini. Kila jamii ilikuwa na sura yake ya kinywa kizuri.

Ufaransa, Pierre Fauchard alichapisha mwaka 1728 kitabu kikubwa cha uganga wa meno. Humo alieleza ukanda uliofungwa kwa nyuzi kwenye meno ili kuyavuta mahali pake. Mwaka 1899 Edward Angle wa Marekani aliyagawa makosa ya mkutano wa meno ya juu na ya chini katika makundi, na mgawanyo wake ungali unatumika. Mwaka 1945 Harold Kesling, wa nchi hiyohiyo, alieleza chombo cha mpira cha kuyasukuma meno kidogo kidogo bila waya. Wazo hilo lilisubiri kompyuta. Mwaka 1997 iliundwa kampuni ya Align Technology huko California, na mwaka 1998 serikali ya Marekani iliruhusu chombo chake cha plastiki angavu kitumike. Mgonjwa hupewa mfululizo wa maganda. Kila ganda huvaliwa wiki moja au mbili, nalo husogeza jino kwa kadiri ya robo milimita, kisha hufuata jingine. Haba na haba hujaza kibaba.

Chombo hiki tukiite nini? "Kisahihisha meno" hatukipendi. Kiswahili hutofautisha mwanya na pengo: pengo ni pale jino lilipotoka, na mwanya ni nafasi ya maumbile kati ya meno ya mbele, ambayo washairi na wachumba wameisifu miaka mingi. Istilahi isiyahukumu maumbile ya mtu kuwa ni kosa. "Kipanga meno" kinataja kazi vizuri, lakini kipanga ni ndege mla vifaranga, na hakuna mzazi atakayependa kuambiwa kwamba mwanawe atavishwa kipanga mdomoni. Dawa yake imo katika sarufi yenyewe. Lugha yetu huunda majina ya ala kwa "ki-" mbele na "-io" nyuma, kama kifungio na kichujio. Kutokana na "kupangia" tunapata "kipangio". Zile nyaya za zamani ziwe "kipangio cha waya", na hili ganda jipya liwe "kipangio kiangavu".

MKOBA WA MVAAJI

Kipangio kiangavu huvaliwa saa 20 hadi 22 kwa siku. Huvuliwa wakati wa kula na wakati wa kunywa chochote isipokuwa maji matupu. Mate, ambayo kwa kawaida huyaosha meno, hayayafikii vizuri yaliyofunikwa. Kwa hiyo sukari ikinaswa humo ndani, hukaa na kuoza meno. Anayekaa barazani akinywa kahawa na kashata jioni nzima atakuwa amezila saa zake za mapumziko zote. Baada ya kula, mvaaji husukutua, hupiga mswaki, hupitisha uzi, ndipo akavaa tena. Kipangio chenyewe huoshwa kwa mswaki laini na maji baridi au ya vuguvugu. Dawa ya meno yenye chembechembe hukikwaruza, nayo mikwaruzo huwa maficho ya ukoga.

Ndiyo maana mvaaji hutembea na mkoba, na vilivyomo vinahitaji majina. Kiboksi cha kuhifadhia kipangio kina jina tayari: ni kijaluba, ndugu wa kile kijaluba cha wazee cha kutilia tambuu. Asiye na kijaluba hufunga kipangio katika karatasi mkahawani, na mtumishi akaja akakitupa pamoja na mabaki. Kuna ndoano ndogo ya kuvulia kipangio kilichokaza. Hiyo ni kiopoo, jina la chombo kilichoopoa ndoo kisimani kabla ya mabomba. Na kile kipande cha mpira ambacho mvaaji hukiuma ili kipangio kikae sawasawa kwenye meno, tunapendekeza kiitwe king'ato.

HITIMISHO

Kwa muhtasari, tunayaweka mapendekezo yetu mbele ya wasomaji:

Kipangio (vipangio): chombo chochote cha kusogezea meno mahali pake.
Kipangio kiangavu: kipangio cha plastiki kinachovaliwa na kuvuliwa.
Ukoga: utando mlaini wa vijidudu juu ya meno.
Ugaga: ukoga uliokuwa mgumu.
Kupitisha uzi: kusafisha katikati ya meno kwa uzi.
Kijaluba: kiboksi cha kuhifadhia kipangio.
Kiopoo: ndoano ya kuvulia kipangio.
King'ato: mpira wa kuuma ili kukikaza kipangio.
Maji ya vuguvugu: maji yasiyo baridi wala moto, yasiitwe "ya moto kidogo".

Katika orodha hii ni majina mawili tu tuliyoyaunda. Mengine tumeyakuta kisimani, barazani na katika kamusi, yakingoja kazi mpya kama mswaki ulivyongoja nailoni. Waganga wa meno na walimu wa afya ndio watakaoyajaribu majina haya mbele ya wagonjwa, nasi tutafurahi wakituandikia lipi limekubalika na lipi limekataliwa. Mpwa wetu amekwisha kuanza: kipangio chake kipya kimo katika kijaluba, na birika ameliacha kwa ajili ya chai.