Chaki na Daftari: Habari za Makontena ya Kompyuta

Leo tutasoma habari za kontena. Si lile la chuma liletwalo na meli, bali kontena la kompyuta.

Mwaka 1979 toleo la 7 la Unix lilileta njia ya kuifungia programu katika chumba kimoja cha mafaili, isiyaone mengine. Mwaka 2000 FreeBSD iliongeza kuta, nayo ikaviita vyumba hivyo jela. Kisha mwaka 2013, huko Marekani, Solomon Hykes aliwaonyesha watu Docker. Kwa njia hii programu hufungwa pamoja na vifaa vyake katika kontena moja, ikapelekwa kompyuta nyingine, ikafanya kazi vilevile.

Lakini kontena halikufanywa likae milele. Likitoka toleo jipya la programu, kontena la zamani huondolewa, na jingine huwekwa mahali pake. Je, yale yaliyoandikwa ndani yake yako wapi? Yaliandikwa katika tabaka jembamba la juu, kama chaki juu ya ubao. Kulizima kontena hakufuti kitu. Kuliondoa ndiko kufutako. Hapo majina ya wagonjwa wa zahanati, au hesabu za chama cha ushirika, huweza kupotea kwa dakika moja.

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Basi ilitakiwa daftari likae nje ya kontena. Kwanza watu waliweka kontena la pili, kazi yake kushika data tu. Novemba 2015 Docker 1.9 ilileta voliumu zenye majina na amri zake zenyewe. Voliumu ni ghala la nje: kontena huondoka, ghala hubaki, na kontena jipya hufunguliwa mlango ule ule.

Desemba 2016 Kubernetes 1.5, yenye kuongoza makontena katika kompyuta nyingi, ilileta StatefulSet. Kila kontena lenye kazi ya kuweka data likahifadhiwa jina lake na ghala lake, hata likihamishwa.

Lakini angalieni: ghala nalo laweza kuungua. Diski ikiharibika, voliumu iliyomo huharibika nayo. Kwa hiyo toeni nakala, mkaiweke mahali pengine.

Maswali
1. Kuna tofauti gani kati ya kulizima kontena na kuliondoa?
2. Kwa nini voliumu peke yake haitoshi?