Labo bila barza

Ndugu zangu balisansie, na ninyi wanafunzi mlio bado ku kampisi, leo naandika juu ya nyumba. Si nyumba ya kulala, ni jengo la utafiti wa afya mu chuo kikuu. Linapaswa kuwa la namna gani ili daktari, mtu wa udongo, mtu wa mawe na mtu wa wanyama wafanye kazi pamoja? Wengi wanafikiri hilo ni swali la wachora ramani za majengo peke yao. Mimi nimesoma Agronomia, na naona ni swali la historia pia. Sehemu kubwa ya historia hiyo iko hapa kwetu Lubumbashi.

Tuanze na mji. Lubumbashi ilizaliwa mwaka 1910, na 1911 kiwanda cha kuyeyusha shaba cha Union Minière kikaanza kazi. Upepo wetu unatoka zaidi kusini-mashariki. Kwa hiyo kwa miaka mingi moshi wa ile shimine ulianguka upande wa kaskazini-magharibi, na udongo wa huko, kama kule Penga-Penga, ukajaa shaba, kobalti na metali nyingine mpaka majani yakakataa kuota. Chuo kikuu kilikuja nyuma sana: kiliundwa 1955, kikafungua milango 1956, kwa jina la Chuo Kikuu Rasmi cha Congo na Ruanda-Urundi. Maana yake, ugonjwa wa kuchunguza ulikuwa tayari ku mlango kabla ya profesa wa kwanza kufika.

Halafu ikaja 1971. Serikali iliunganisha vyuo vikuu vyote kuwa kimoja, UNAZA, na kugawanya masomo kwa miji. Fakilte ya Lugha na Fasihi ikaletwa Lubumbashi, Saikolojia na Ualimu zikaenda Kisangani, Agronomia ikawa Yangambi kando ya mto Congo, na Udaktari ukawa na ngome yake Kinshasa. Ukiutazama mpango ule kama ramani ya nyumba, utaona kwamba nchi nzima ilikuwa jengo moja, na korido zake zilikuwa ndege na mashua. Nani angepanda ndege kwenda kumuuliza daktari swali dogo juu ya mboga?

Mwaka 1981 UNAZA ilivunjwa, na UNILU ikapata kujitegemea. Leo chuo chetu kina Udaktari, Udaktari wa Wanyama, Agronomia, Sayansi, Politekniki na Shule ya Afya ya Umma, vyote mu mji mmoja. Lakini ile desturi ya kila mtu na chumba chake haikufa siku moja na UNAZA. Mwanafunzi anaweza kumaliza lisansi bila kuingia hata mara moja mu labo ya fakilte nyingine.

Hasara yake ni nini? Tuangalie kazi kubwa ya afya iliyotoka hapa. Profesa Célestin Banza wa UNILU na wenzake, pamoja na Benoit Nemery wa chuo kikuu cha Leuven, Ubelgiji, walipima mkojo wa watu wanaoishi karibu na migodi na viwanda vya Katanga. Matokeo yalitolewa 2009: kobalti ilifika viwango vya juu kuliko vyote vilivyowahi kuripotiwa kwa watu wa kawaida. Mwaka 2018 ikaja kazi ya Kasulo, mtaa wa Kolwezi ambako watu walichimba kobalti chini ya nyumba zao. Huko batoto njo walikuwa na kobalti nyingi kuliko wakubwa. Mwaka 2020 ikatoka ya Lubumbashi yenyewe: watoto wachanga 138 waliozaliwa na kasoro za kuonekana walilinganishwa na 108 wasio na kasoro, na kazi ya baba mu migodi ikaonekana kuhusiana na kasoro hizo.

Sasa sikiliza swali linalofuata: kobalti inaingia mwilini kwa njia gani? Utafiti uliotolewa 2014 ulipima udongo, vumbi, maji, unga, mboga na samaki. Kwa wakubwa, chakula kilichopandwa hapo hapo, hasa mboga, ni njia kubwa. Kwa watoto, vumbi lina uzito wake. Hapo daktari peke yake amefika ku mwisho wa njia. Lenga-lenga imenywa nini? Udongo ule una asidi kiasi gani? Ukiweka chokaa, metali inabaki chini ao inapanda mu majani? Haya ni maswali yetu siye ba-Agronomia. Na kule Penga-Penga watafiti wa fakilte yetu wameonyesha kwamba majani ya asili kama Microchloa kunthii, yanayovumilia shaba, yanaweza kufunika udongo mchafu na kushika vumbi lake. Daktari wa mtoto anapaswa kujua jambo hilo, maana lile vumbi njo analolipima mu mkojo.

Mkojo ule wa 2009 ulipimwa Ubelgiji. Silaumu mtu. Mashine inayopima metali kwa viwango vidogo inataka umeme usiokatika, gesi ya argoni, fundi wake, na chumba kisicho na vumbi. Lakini mashine ikiwa mbali, na meza ya kusoma matokeo pamoja inakuwa mbali.

Tutazame jirani zetu wa Kampala. Mwaka 1957, mu hospitali ya Mulago, daktari Hugh Trowell alimwita mpasuaji Denis Burkitt aje kuona mtoto aliyevimba taya. Burkitt aliendelea kukuta watoto wengine wa namna hiyo, na wataalamu wa kuchunguza nyama ya mwili walikuwa mu mji ule ule, kwenye chuo cha Makerere. Kansa ile sasa inaitwa kwa jina lake. Mwaka 1961 alitoa hotuba London, na Michael Epstein alikuwa ameketi mu ukumbi. Sampuli zikaanza kusafiri kutoka Kampala, na 1964 virusi vikaonekana. Jambo lote lilianza kwa daktari mmoja kumwita mwenzake, kwa sababu mwenzake alikuwa karibu.

Thomas Allen, mtafiti wa Marekani, alipima jambo hili kati ya mainjinia na kulichapisha 1977: meza zikitengana zaidi ya mita 50 hivi, mazungumzo ya kazi yanakuwa machache sana. Mwingine atasema: tuna WhatsApp. Ni kweli, lakini mfuko wa mboga haupiti mu WhatsApp. Mwingine atasema: jengo halizai mwanasayansi. Hilo nalikubali. Profesa Muyembe alifika Yambuku mu Ebola ya 1976, na INRB ya Kinshasa ilianza 1984, zamani kabla ya jengo lake jipya la 2020 lililojengwa kwa msaada wa Japani. Watu njo wanatangulia. Jengo linawasaidia wasitawanyike.

Basi, siku chuo chetu kitakapojenga, naomba mambo manne. Kwanza, mashine kubwa zikae katikati, mu chumba cha wote, na ufunguo usiwe wa fakilte moja. Pili, milango miwili: mmoja wa udongo na mboga, mwingine wa damu na mkojo, maana vumbi letu lenyewe lina kobalti na litadanganya vipimo. Labo ya kifua kikuu ibaki imefungwa kabisa. Kushirikiana si kuambukizana. Tatu, umeme wa jua na jenereta vihudumie kwanza frigo za sampuli na mashine, ofisi za wakubwa baadaye. Nne, barza. Kila nyumba ya Lubumbashi iko na barza, pahali pa kuketi jioni na kupokea jirani asiyepanga kuja. Jengo la utafiti nalo liwe na barza ya kivuli, yenye meza ndefu na ubao, ku njia ambayo kila mtu lazima apite akienda ku mashine.

Ninyi mlio Politekniki na Udaktari, mkiitwa siku moja kutazama ramani ya jengo kama hilo, msianze na rangi ya ukuta wa mbele. Ulizeni kwanza: mutu wa Agronomia akileta mfuko wake wa lenga-lenga, atapita mlango gani, na atakutana na nani?