Je, Wachina hawajali faragha mtandaoni?

Machi 2018, bosi wa Baidu, Robin Li, alisema Wachina wako tayari kutoa faragha yao ili wapate huduma kirahisi. Mtandaoni walimjia juu.

Kumbe wanajali. Ila ujumbe wa Magharibi, "serikali isikuchungulie", hauwafiki vizuri. Kuinyooshea serikali kidole hadharani China ni hatari. Kampuni na matapeli ndio wanaosemeka.

Na sababu wanazo. Mwaka 2016 binti wa miaka 18 mkoani Shandong, aliyekuwa anakaribia kuanza chuo, alitapeliwa yuan 9,900 za ada na watu walionunua taarifa zake. Alizimia, akafariki. Januari 2018 Alipay iliomba radhi baada ya kuwawekea wateja alama ya "nakubali" bila kuwauliza.

Tangu Novemba 1, 2021, China ina sheria ya kulinda taarifa binafsi.

Kuwaambia wahamie WhatsApp au Signal hakusaidii: zote zimefungiwa, na maongezi na malipo yao yako WeChat. Wanachotaka ni kwamba aliye na namba yao asiiuze.