Pengo la nauli Dar es Salaam: nani amekuwa akililipa?

Serikali ilipotaifisha kampuni ya mabasi ya DMT mwaka 1970, ilichukua pia mzigo wa kuamua mkazi wa Dar es Salaam alipe shilingi ngapi kufika kazini. Kwa sehemu kubwa ya miaka iliyofuata, nauli ya jiji hili imekuwa bei ya kisiasa. Hupangwa kwa kutazama mfuko wa abiria, jambo ambalo ni haki kabisa, kisha husomwa hadharani na kubandikwa kwenye milango ya mabasi. Swali la gharama ya kuliendesha basi lenyewe, kuanzia mafuta na tairi hadi mshahara wa dereva, halikupata jibu la kudumu katika bajeti. Panapokuwa na pengo kati ya nauli na gharama, lazima apatikane wa kuliziba. Historia ya usafiri wa Dar es Salaam ni historia ya pengo hilo likihamishwa kutoka bega moja hadi jingine, na mara nyingi aliyetwishwa ni yule asiyekuwa na pa kulalamikia.

Aliyeanza kulibeba ni UDA. Shirika hili, Usafiri Dar es Salaam, lilizaliwa mwaka 1974 mali za DMT zilipogawanywa: UDA ikapewa jiji, na KAMATA ikapewa safari za mikoani. Lilizaliwa katika saa mbaya. Bei ya mafuta duniani ilikuwa imepanda ghafla mwaka 1973, ikapanda tena mwaka 1979, na katikati yake kukawa na vita vya Kagera. Wakati huohuo jiji lilikuwa likifurika watu. Sensa ya 1967 ilihesabu wakazi takriban 270,000 mjini, na ya 1978 ikakuta mkoa una zaidi ya 840,000. Abiria waliongezeka, vipuri vilihitaji fedha za kigeni ambazo hazikuwapo, na nauli ilibaki chini ili mfanyakazi aimudu. Basi ambalo mapato yake hayatoshi kununua vipuri halisimami siku hiyohiyo. Huenda mwaka mmoja, miwili, kisha hulala gereji, nalo hunyofolewa vifaa ili jingine litembee. Kwa hiyo waliolipa pengo walikuwa mabasi yenyewe, pamoja na abiria waliosimama vituoni saa nzima wakisubiri gari ambalo nauli yake ilikuwa rahisi mno, ila lilikuwa halipo.

Watu hawakungoja ruhusa. Teksi bubu na magari ya watu binafsi yakaanza kupakia kwa kificho, yakitoza dala, sarafu ya shilingi tano, zaidi ya ile nauli halali ya UDA, na abiria wakalipa. Mwaka 1983 serikali ilikubali yaishe, ikawaruhusu watu binafsi kutoa huduma. Daladala zikapata uhalali, na mzigo ukahamia kwa watu ambao hawakuwa hata na mkataba wa ajira. Utaratibu wa hesabu unajulikana na kila mkazi: jioni dereva anampelekea tajiri, yaani mwenye gari, kiasi kilekile kilichokubaliwa, mvua inyeshe au jua liwake, foleni iwepo au isiwepo. Mafuta ni juu ya dereva. Kinachobaki baada ya hapo ndicho anachogawana na konda, na siku ikiwa mbaya hakibaki kitu. Mtafiti Matteo Rizzo, ambaye amelichunguza suala hili kwa miaka mingi, alionyesha kwamba karibu wote wanaofanya kazi ndani ya daladala si wenye magari. Ukilijua hilo, vituko vya barabarani vinaeleweka. Kukatisha ruti, kukimbizana kuwahi kituo, kujaza watu hadi mlango haufungi: tumezoea kuviita utovu wa nidhamu, na trafiki wamekuwa wakivipiga faini kwa kuvihesabu hivyo. Kumbe ni namna ya mtu aliyefungiwa nauli juu na hesabu chini kutafuta riziki yake katikati. Faini nayo haikumgusa tajiri. Iliingia katika makato ya siku ya dereva.

Hakuna mahali pengo linapoonekana waziwazi kama mlangoni pa daladala asubuhi ya siku ya shule. Mwanafunzi hulipa nauli pungufu kwa amri ya serikali, na kwa miaka mingi imekuwa shilingi 200. Amri hiyo ni njema. Ila hakuna anayefidia ile tofauti, kwa hiyo kila sare ya shule inayopanda ni nafasi ya mtu mzima iliyopotea. Konda anasimama katikati ya mlango, mkono mmoja juu ya paa, anawapisha wakubwa kwanza, kisha anatangaza wanafunzi wawili tu, na gari linaondoka huku waliobaki wakiligonga ubavuni. Maofisa wa serikali wamekemea tabia hii miaka nenda rudi. Kukemea hakugharimu chochote, ndiyo maana kumependwa kuliko kufidia. Aliyelipa punguzo la nauli ya mtoto ni mtoto mwenyewe, kwa kuchelewa kipindi cha kwanza.

Mabasi ya Mwendokasi yalipoanza Mei 2016, kati ya Kimara na Kivukoni na matawi yake ya Gerezani na Morocco, ilionekana kama mambo yamegeuka. Kilomita zipatazo 21 za njia maalumu zilijengwa kwa mkopo wa Benki ya Dunia, na daladala zikaondolewa katika sehemu kubwa ya Barabara ya Morogoro. Huu ulikuwa uwekezaji wa kweli. Lakini lami ilipata fedha ya umma, na basi likaachiwa mwendeshaji na nauli. Mwendeshaji, UDA-RT, alipendekeza shilingi 1,200 kwa njia kuu. Waziri Mkuu wa wakati huo, Kassim Majaliwa, akasema ni kubwa mno, na SUMATRA, mamlaka ya udhibiti wa usafiri, ikaidhinisha 650. Pengine 1,200 ilitiwa chumvi. Waombaji wa nauli hufanya hivyo. Hata hivyo, huduma ilianza na mabasi 140, chini ya nusu ya yaliyokusudiwa, na karakana yake ikawekwa Jangwani, kwenye bonde la Msimbazi ambalo kila mwenyeji anajua kwamba hufurika. Miaka michache baadaye mistari ya kusubiri ilikuwa imerudi, safari hii ndani ya vituo vyenye geti.

Kuna watakaosema UDA haikuuawa na nauli bali na wizi na uzembe. Wizi ulikuwapo, na namna shirika hilo lilivyouzwa mwaka 2011 ilizua maswali hadi bungeni. Lakini wizi hauelezi kwa nini daladala, ambazo zina wenyewe na macho yao yako kwenye pesa, zilichakaa na kuwatesa abiria vilevile. Wengine watasema basi nauli iachwe ipande ifikie gharama. Hao hawajapiga hesabu ya mama anayetoka Chanika au Mbagala ndani na kubadili gari mara mbili. Nauli hulipwa kwa kila gari, hivyo anayeishi mbali kwa sababu ya umaskini ndiye anayelipa zaidi. Pingamizi zito ni la tatu: kwa nini mkulima wa Kigoma amlipie abiria wa Kariakoo? Hapaswi. Zipo fedha zinazotoka ndani ya jiji lenyewe. Ada za maegesho zinakusanywa, na tozo ya mafuta inalipwa na kila gari linalounguruma kwenye foleni, ikiwamo daladala yenyewe.

Tena kanuni ya fedha ya umma kuziba pengo tumekwisha kuikubali kwa wenye magari binafsi. Daraja la juu la Mfugale pale TAZARA lilizinduliwa mwaka 2018 na la Kijazi pale Ubungo mwaka 2021, na hakuna aliyedai yajilipe kwa tozo ya kila anayepita. Daraja la Kigamboni ndilo lililowekewa tozo, nalo lilipopigiwa kelele tozo zikapunguzwa. Foleni ya gari dogo imetibiwa kwa fedha ya umma. Foleni ya abiria imeachiwa konda.

LATRA, iliyochukua nafasi ya SUMATRA mwaka 2019, hukusanya maoni ya wadau kabla ya kupandisha nauli, na mjadala huwa ni kiasi gani kiongezwe. Kikao kijacho kikiitishwa, msomaji, nenda, na uiulize meza kuu jambo moja kabla ya mengine: tofauti ya nauli ya mwanafunzi inalipwa kutoka fungu gani?