Fidia ya Majani

Kwa mfugaji, msiba hauanzi siku ng'ombe anapoanguka. Huanza miezi kadhaa kabla, malisho yanapokauka, maana mnyama aliyekonda hana maziwa, hana bei, wala hana nguvu za kuhamishwa. Mimi niliyelelewa na wafugaji sikuhitaji kufundishwa jambo hili shuleni. Serikali, hata za nchi tajiri, zilichukua muda mrefu kulitungia sheria, na historia ya Marekani ni shahidi mzuri.

Mwaka 1934 ukame mkali ulizikumba nyanda za katikati ya nchi hiyo. Majani yaliisha, na bei ya ng'ombe ikaanguka kwa kuwa kila mtu alitaka kuuza. Serikali ya Rais Franklin Roosevelt ikaanza kuwanunua. Mpango ulipomalizika mwaka 1935, ng'ombe zaidi ya milioni 8 walikuwa wamenunuliwa. Waliofaa walichinjwa na nyama ikagawiwa wenye dhiki. Waliodhoofu mno waliuawa na kufukiwa. Sehemu ya malipo ilikuwa haki ya mfugaji mwenyewe, mdai wake asiiguse. Siudharau msaada huo, kwani familia nyingi ziliponea hapo. Hata hivyo, ulimlipa mfugaji kwa kumwondolea mifugo. Mvua iliporudi, majani yalipata uhai, lakini zizi lilikuwa limepungua.

Baadaye ilikuja misaada ya aina nyingi, mingi ikiidhinishwa janga likiwa limekwisha kupiga. Sheria ya kilimo ya mwaka 2008 ndiyo iliyoleta ruzuku ninayoizungumzia: mfugaji alipwe kwa malisho aliyoyapoteza, ng'ombe wakiwa bado hai. Kipimo chake ni ramani ya ukame ambayo imekuwa ikichorwa kila wiki tangu 1999. Ukame wa eneo ukifika daraja lililowekwa, mfugaji huomba malipo yanayokadiriwa kuwa asilimia 60 ya gharama ya kulisha mifugo yake kwa mwezi. Hakuna haja ya kuhesabu mizoga.

Lakini sheria hiyo ilikoma mwaka 2011, na mwaka 2012 ukame mkubwa ukatokea pasipo ruzuku. Sheria mpya ya 2014 iliifanya kuwa ya kudumu na kulipa madai ya nyuma. Naam, fedha zilikuja, ila Januari ya mwaka huohuo ng'ombe wa Marekani walikuwa wachache kuliko wakati wowote tangu 1951, na ukame ulikuwa miongoni mwa sababu kubwa. Fidia ya nyuma hulipa deni. Haimrudishi ng'ombe aliyekwisha kuuzwa. Ndiyo maana naona uzito katika badiliko la mwaka 2025, lililopunguza muda wa kungoja malipo ya kwanza katika ukame mkali kutoka wiki 8 mfululizo hadi 4.

Huku kwetu Kenya tumepita njia inayofanana. Bima ya mifugo iliyoanzishwa Marsabit mwaka 2010 ilitumia setilaiti kupima ukijani wa malisho, lakini mwanzoni ililipa kwa makadirio ya vifo. Baadaye ikabadilishwa ilipe mapema, mfugaji anunue chakula na maji mifugo ingali hai. Mpango wa serikali ulioanza mwaka 2015 katika Turkana na Wajir ulifuata fikra hiyo, ukizilipia bima kaya zenye uhitaji.

Wapo wanaosema kwamba ruzuku kama hizi humfanya mtu afuge kupita uwezo wa ardhi. Hoja hiyo ina uzito, na kiasi cha malipo kinastahili kujadiliwa. Tarehe ya malipo ni jambo jingine. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta, na kwa mfugaji ufa ni majani. Shilingi inayofika mchungaji akiwa bado na jike mmoja wa kuzaa ina thamani kuliko nyingi zinazofika akiwa na ngozi tupu.